Baba Chacha ameng'ang'ania kiti changu

Leo mume wangu, Baba Chacha, kanifuata kikundini akidai chakula!

Tuko wanawake tisa hapa Kewanja, tunashona mablanketi kwa vipande vya vitambaa wanavyotupa mafundi cherehani. Hatuuzi. Kila blanketi linaenda kwa mwenye zamu.

Na leo zamu ni ya nyumba yetu.

Mama Robi, jirani yangu, akamwambia, "Shemeji, ukimchukua, shika sindano yake."

Akashika!

Kumbe kule machimboni alikofanya kazi alikuwa anashona magunia. Mshono wake umenyooka kuliko wangu.

Wenzake wa machimboni wakapita na pikipiki, wakacheka. Wala hakuinua kichwa.

Nikaenda kupika. Narudi, hataki kuniachia kiti.

Mama Robi akasema, "Kaa tu. Ila kesho unapika wewe."

Amekubali mbele yetu sote. Na ninyi sasa ni mashahidi.