Ng'ombe Kumi na Saba na Pengo Moja

Namba kichwani mwangu zina makazi. Moja inakaa mlangoni kwetu, saba ipo kando ya mtungi wa maji, kumi imeegemea ukuta wa jiko, na kuanzia ishirini zinakata kona kufuata njia ya kisimani. Mia imesimama darajani. Kupita hapo ni ukungu mtupu, maana hata mimi mwenyewe daraja lile sikuwa nikilivuka bila kulazimishwa.

Nilimaliza kidato cha nne nikidhani kila mtu anaziona namba hivyo. Nilipomweleza mama, aliacha kupepeta mchele akanitazama kwa huruma.

"Hata namba zako hazitoki nyumbani," akasema. "Mkwe nitampata kweli?"

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zinamiminika madukani, na binamu yangu akaniletea kutoka Morogoro kikokotoo kidogo kinachokula mwanga wa jua. Nilikifunga uzi nikakivaa shingoni kama hirizi. Kilikuwa na uchawi mmoja nilioupenda: ukishakianzisha na moja, kila ukigusa kitufe kilekile kinaongeza moja nyingine. Nilihesabu kuku, nikahesabu papai, nikahesabu malori ya miwa yaliyosikika yakienda Kidodi. Mama akasema angalau sasa nina kazi.

Ng'ambo ya shamba letu la mahindi walikuwa wamehamia wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa. Mama wa boma lile, rika la mama yangu, alichomwa mwiba mguuni ukatunga usaha. Mumewe alikuwa ameenda kwao msibani. Binti yake mkubwa alikuwa ndani, amedhoofika kwa ugonjwa na maziwa yamemkauka, na mtoto wake wa miezi mitano akiishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja tu aliyekuwa akikamuliwa. Aliyebaki kuchunga ni binti mdogo, peke yake. Nikaitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimesikia wewe umesoma. Kazi yenyewe ndogo: jioni simama langoni, watazame wakiingia. Lakini usiwanyooshee kidole ukawaita namba. Kwetu ukimhesabu ng'ombe hivyo, unamwitia fisi."

Nikasema sawa. Kidole sitanyoosha. Cha gumba nitakitumia kubonyeza, na hicho hakikutajwa.

Siku tatu mambo yalikwenda. Asubuhi kumi na saba, jioni kumi na saba. Siku ya nne wakaingia, nikabonyeza, kumi na saba, nikaweka miti ya lango. Mama wa boma akatoka na fimbo yake na kibuyu, akichechemea. Aliwatupia jicho mara moja tu, kama mtu anayechungulia chungu.

"Mwenye shingo nyeupe hayumo."

"Wamo wote, mama. Hesabu imetimia." Nikamwonyesha kikokotoo. Jua lilikuwa linazama na tarakimu zikawa zinafifia, mara kioo kikabaki kitupu.

"Kimesinzia," akasema. Kisha akaelekeza kwa midomo: "Na yule mwekundu pale kafuata nini? Huyo wa watu wa Ruhembe. Hesabu imetimia, baba. Ng'ombe ndio hawajatimia."

Mmoja wetu kabaki, mmoja wa watu kaja, na kidole gumba changu kikawapokea wote kwa heshima moja. Mwenye shingo nyeupe ndiye aliyekuwa akikamuliwa; ndani mtoto akaanza kulia njaa.

"Umewahesabu saa ngapi?" nikauliza, kwa aibu zaidi kuliko udadisi.

"Nani kahesabu? Ulimi wako unahesabu meno? Likitoka moja, ulimi unalijua pengo kabla yako." Akanikabidhi kamba yenye ndama wa aliyepotea. "Binti atamrudisha huyo mwekundu na kutazama huko. Wewe nenda barabara ya malori. Nenda na huyu, ana akili."

Sikuuliza kuliko nani.

Simba wa hifadhi walikuwa wakisikika upande wetu msimu ule, na njia ya barabara inapita darajani. Nikasimama pale penye mia yangu. Ndama hakusimama, alikuwa na njaa yake. Akanivuta, tukaingia kwenye ukungu, ambao ulikuwa tu vumbi na miwa iliyomwagika kwenye kona ambapo malori huinama. Ng'ombe kadhaa waliopotea walikuwa wanafanya karamu. Wenye shingo nyeupe walikuwa wawili! Nikamshika wa karibu, nikaanza kujipongeza. Ndama akalia. Yule wa pili akainua kichwa, muwa unaning'inia mdomoni, akaja mbio akitikisa kiwele.

Tulirudi adhana ya isha ikimalizika. Mtoto alinyamaza kikombe kilipomfikia, nami nikakaa chini ukutani. Mama yangu, aliyekuja kunitafuta, akasema, "Kavuka daraja! Kesho mtasikia yuko Dar."

Nikaendelea kupokea ng'ombe mpaka mguu ulipopona, kikokotoo nikikiacha msumarini. Mwanzoni nilijificha nikihesabu kimoyomoyo, kutoka mlangoni hadi ukuta wa jiko na namba saba mbele. Halafu, jioni moja, nikiwa nawaza ugali, kitu kikanigutusha kifuani. Hakikuwa namba. Kilikuwa kama kukanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Mama, kuna pengo."

"Nani?"

Nikafikiri. "Yule mwenye pembe iliyopinda."

Akachungulia, akatabasamu. Mwenye pembe iliyopinda alikuwa bado nje, anajikuna kwenye mti. Baadaye tu nikahesabu: kumi na sita.

Mpaka leo sijui kama kichwa kilihesabu kwa siri ndipo kikaniambia, au hakikuhesabu kabisa. Nilimuuliza mama yule naye akanipakatisha mjukuu, mzito sasa, mashavu yamejaa.

"Huyu hajui moja wala mbili," akasema. "Mpe kikombe nusu uone."

Nikampa nusu. Alikimaliza, akatazama ndani, akanitazama, akaangua kilio.