Siku Niliyokwenda Kuiondoa Simu Darasani

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Dhahabu ndiyo iliyonilea, na nyumba yangu ya matofali hapa Geita sikujengewa na mtu. Kwa hiyo wazazi waliponichagua mwenyekiti wa kamati ya shule, sikushangaa. Nilishangaa waliponiletea shitaka: mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, binti mdogo tu, anawafundisha watoto kwa simu yake.

"Mzee, katuondolee hiyo simu."

Nikawajibu, kesho haitakuwepo.

Nilipoingia darasani watoto wakasimama. "Shikamoo mwenyekiti!" Nikaitika marahaba, nikajibana kwenye dawati, magoti yakanifika kidevuni. Mwalimu alitabasamu, ila aliivuta simu karibu yake. Alijua nilichofuata.

Alikuwa anawaonyesha picha ya jiwe. Msichana mmoja akaniletea simu. "Babu, wewe mchimbaji. Hili lina mali?"

Mtu akinipa jiwe, mkono wangu hauniulizi. Nikalamba kidole gumba nikalipaka mate palepale kwenye kioo cha simu, maana jiwe kavu halisomeki. Picha ikaruka! Ikaja nyingine: mwalimu huyohuyo, kanga kiunoni, anacheza harusini mpaka kiatu kimoja kimemtoka. Darasa likalipuka. Mwalimu akafunika uso kwa daftari. Mimi nilicheka mpaka machozi.

"Achaneni na picha," nikasema, nikatoa jiwe mfukoni, nililolitoa kwenye shimo langu mwenyewe. "Dhahabu ndiyo hii. Oneni inavyometa."

Mwalimu akalipiga picha, akaikuza. Vichembe ambavyo macho yangu siku hizi yanaviona kama vumbi vikawa vikubwa kama punje za mahindi. Yule msichana akainama.

"Babu, hivi vina kona kama vijisanduku. Mwalimu alisema dhahabu haiko hivi."

"Nilianza kuchimba mama yako hajazaliwa!"

"Ndiyo babu. Lakini vina kona."

Nikaomba pini. Dhahabu ukiichoma inabonyea. Ya uongo inavunjika. Mwalimu akachomoa moja kwenye chati ya ukutani. Nikachoma kichembe mbele yao wote.

Kikapasuka. Unga mtupu.

Watoto wananitazama, na mwalimu ananitazama kuliko wote. Ningeweza kununa nikaondoka na simu, nani angenizuia? Lakini mimi jiwe likiniumbua huwa nakubali, ndiyo maana sijafilisika.

"Umenishinda, mama," nikamwambia yule msichana. "Chukua jiwe, ni lako."

Makofi yakapigwa, na mimi nikapiga.

Wazazi walikuwa wananisubiri getini.

"Umeiondoa?"

"Inabaki."

"Mwenyekiti, wamekuroga?"

"Wamenifundisha. Na Jumatano narudi, mwalimu kaniomba niwaonyeshe watoto kazi ya pini. Asiyetaka simu aje abishane na darasa la sita, siyo na mimi."

Baba mmoja akauliza, sauti ya chini, kama na wazazi wanaruhusiwa kuingia.