Vichwa vya Kuazima

Waliniambia sitaweza hata kutofautisha kichwa cha mbuzi na cha kondoo. Walisema hivyo mbele yangu, buchani, Korogwe mjini, mwenye bucha akipasua mifupa ya supu na mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, akisubiri kupimiwa utumbo.

"Huyu mpwangu amekaa Afrika Kusini mpaka kaota mvi," mjomba alisema. "Wenzake wamerudi na magari. Yeye kaja na mswaki na sindano."

"Mswaki wa nini tena, mzee?"

"Wa kuwasugua meno wanyama waliokufa."

Bucha nzima ikacheka. Mwenye bucha akavuta kutoka chini ya meza vichwa viwili vilivyochunwa, vimekatwa pembe, vimejaa nzi, akavibwaga mbele yangu.

"Haya, mtaalamu. Mbuzi yupi hapo?"

Kichwa chenye nyama na nzi ni kazi ya mpika supu. Mimi husoma mfupa. Nikamwambia aniazime vyote viwili, nikishavisafisha nitavirudisha pamoja na jibu lake.

"Kuazima kichwa!" akasema. "Watu huazima ungo, huazima jembe. Siku ukivirudisha, bwana mkubwa, nitakupa maini bure. Tena najua maini yangu yako salama."

Nilitoka hapa kijana bila nauli ya kurudi. Nilibeba mawe kwenye machimbo ya watu, nikasoma jioni, nikapata diploma ya jiolojia kwa jasho langu, bila ndugu yeyote kuninunulia hata kalamu. Kisha nikaajiriwa mahali ambapo kazi ilikuwa kusafisha visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka jiwe. Kwa miaka niliinamia mafuvu ya wanyama ambao hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuwaona, nikiondoa mchanga punje kwa punje. Niliwahi kumwonyesha mkubwa wangu kwamba taya aliloliita la swala lilikuwa la mnyama mwingine kabisa, na alibadilisha jina. Watu wa bucha hawakujua walikuwa wanamcheka nani.

Niliporudi sikutafuta kazi ya mtu. Nilipanga chumba cha uani kwa mjomba na nikaendelea na mifupa kwa mapenzi yangu mwenyewe. Mvua kubwa zilipoisha nilikuwa nikitembea kwenye makorongo, maana maji hufukua vizuri kuliko jembe. Kwenye korongo moja chini ya Mkumbara nikaliona: nusu ya fuvu, pua na taya la juu, limeshikwa na tabaka gumu la chokaa. Zito kama tofali. Nikaligonga kwa ukucha likalia kama kigae. Nikaweka ulimi. Msishangae, ndivyo tunavyofanya: mfupa wa kale umejaa vitundu vitupu, hivyo hunyonya mate na kuushika ulimi. Huu uliushika. Nikachoma pembeni kwa sindano ya moto. Mfupa mpya hunuka nywele zilizoungua. Huu haukunuka chochote. Kilikuwa kisukuku cha kweli.

Gego lake la nyuma lilikuwa refu, limeundwa kama mirija mingi iliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Hilo ni jino la jamii ya nguruwe. Lakini nguruwe yupi? Nilienda ofisini kwa wanaohusika na mambo ya kale, kwa sababu kitu kama hicho ni mali ya nchi, si changu. Bwana aliyekuwa mezani alikuwa anakula muhogo. Aliligusa kwa kidole chenye chumvi.

"Hili ni jiwe," akasema.

"Ni fuvu."

"La nini?"

"La jamii ya nguruwe. Sijajua aina."

"Ukishajua njoo. Hatuwezi kupokea jiwe ambalo halijijui ni nani."

Akapangusa kidole kwenye suruali na kuendelea kula. Kinyaa nilichotoka nacho pale sijakimaliza mpaka leo.

Kujua aina kunataka vichwa vingine vya kulinganisha, nami sikuwa navyo. Ndipo nilipoanza kuazima. Shangazi yangu, dada wa baba, anaishi Lutindi na anafuga nguruwe. Alinipa kichwa cha dume lake la mbegu lililokufa, akaniambia nikirudishe, anataka kukitundika kwenye banda. Kwa ngiri nilikwenda Handeni, kwa mzee aliyekuwa mwindaji zamani, mchechemeaji, ambaye kila mtu alisema ana kichwa cha ngiri ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuazima, mzee."

Alikitazama kile kichwa, kisha akapandisha msuli kunionyesha kovu lililoanzia gotini hadi kwenye kifundo. "Huyu ndiye aliyenifanya hivi. Nami nikamfanya vile. Unaona pembe ya mdomoni, ya kushoto? Hapo mkuki wangu ulipopita." Ilikuwa na mkato mfupi, wa mshazari, mweusi kwa uzee. "Wajukuu wanasema nilianguka kwenye baiskeli. Huyu ndiye shahidi wangu. Nitakupa, kwa kuwa hujaleta hela. Lakini umrudishe nikiwa hai. Nikishakufa bila yeye, nitakuwa nimeanguka kwenye baiskeli."

Nikamwahidi. Sijawahi kuvunja ahadi, na sikuwa na nia ya kuanzia kwa mzee yule.

Sasa niseme kuhusu harufu. Kusafisha vichwa si kazi ya watu wanaojipaka manukato. Vile vya buchani nilivichemsha uani kwenye pipa, na mafuta ya ubongo yakaelea juu kama maziwa yaliyokatika. Cha Lutindi kilikuwa kimekaa sana. Nilipofungua mfuko, funza walianguka kama mchele. Majirani walihamishia jamvi lao upande wa pili wa nyumba. Nilitapika mara moja, nikanawa, nikaendelea.

Mjomba alivumilia mpaka siku aliyopata kujua kwamba kimojawapo ni cha nguruwe. Yeye ni mtu wa swala tano, na uani kwake ndipo anapotawadhia. Mimi nilikuwa nimekifungia kwenye mfuko wa saruji, juu ya rafu, mbali na kila kitu, na niliona inatosha. Yeye hakuona hivyo. Nikiwa sokoni akamwita mnunua vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Kugusa hakuweza, wala kusogea. Alisimama mlangoni, kashika pua, akamwelekeza kwa fimbo: "Chukua kile cha nguruwe, nenda nacho mbali." Na yule, akiona vichwa juu ya meza, akachukua chenye pembe, kwa sababu katika maisha yake nguruwe alikuwa amemwona kwenye picha tu, na kwenye picha alikuwa na pembe.

Niliporudi, mfuko wa saruji ulikuwa palepale juu ya rafu. Ngiri wa mzee hayupo.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nimesafisha nyumba yangu."

"Umempa mtu kitu cha kuazima!"

"Na wewe umeleta nguruwe ninapotawadhia. Sasa tuulizane nani kafanya nini."

"Na nguruwe mwenyewe bado yuko ndani, mjomba. Yuko pale juu."

Alitoka bila viatu. Nami niliona aibu yake, lakini sikuwa na nafasi ya kumhurumia. Nilikuwa namwona mzee wa Handeni kapandisha msuli mbele ya wajukuu, hana shahidi. Nilizunguka kwa wauza chuma chakavu wote wa Korogwe. Wote walinionyesha mabati.

Kisha nikaitwa Segera. Pale njia panda kuna mtu anayeuzia wasafiri asali na vinyago, na siku hizo alikuwa ameongeza bidhaa mpya: "mafuvu ya kale". Alikuwa amepata mteja mwenye gari zuri na nyumba ya wageni, anayetaka kitu cha kuweka mapokezi. Mteja alitaka mtaalamu athibitishe. Muuzaji alisikia kuna mtu Korogwe ana diploma ya mifupa, akadhani diploma hununuliwa kwa soda.

"Karibu sana, daktari!" akanipokea. Aliinua gunia. Chini yake palikuwa na fuvu kubwa la rangi ya tumbaku, lenye pembe mbili zilizochomoza mdomoni. "Mnyama wa kabla ya gharika. Mwambie mheshimiwa hapa ni wa kweli."

Watu wakajaa. Nililiinua: zito. Nikaligonga: likalia vizuri. Wakawa wananitazama usoni kama wanaosubiri goli. Nikaweka ulimi, ukashika.

"Umeona!" muuzaji akapiga kofi. "Mtaalamu mwenyewe kalamba!"

Lakini mdomoni mwangu kulikuwa na kitu kingine. Ulimi ulianza kuwasha, kwanza pembeni, kisha wote, mpaka kooni, muwasho ambao mtoto yeyote wa Korogwe anaujua. Ni maji ya mkonge. Nikachungulia tundu la pua la lile fuvu, nikachokonoa kwa kibanzi, nikavuta uzi mweupe, mrefu, wa mkonge. Huyu bwana alikuwa amechukua kichwa cha ng'ombe, akakijaza saruji kiwe kizito, akakipaka jasi, kisha akakizika kwenye makapi ya mkonge yanayooza ili kipate rangi ya uzee. Jasi hushika ulimi kama kisukuku. Mahali pengine pote duniani watu hutumia chai. Hapa kwetu tu ndipo mtu angefikiria makapi ya mkonge, na hapa kwetu tu ndipo yangemuumbua. Na mimi nilikuwa nimeyalamba. Nilitema, nikatema tena, mate yakawa ya kijani.

"Nipeni sindano na jiko," nikasema.

Mama muuza chapati akasogeza jiko lake. Nilikwangua jasi karibu na tundu la jicho, nikachoma mfupa. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda, na yule mteja akaziba pua kwa leso.

"Mnyama wa kabla ya gharika kanyolewa lini?" mama wa chapati akauliza, na watu wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeiona pembe ya kushoto. Chini ya jasi, mkato mfupi, wa mshazari.

"Ng'ombe huyu kapata wapi pembe za ngiri?" nikamuuliza.

"Nimenunua kihalali. Kwa mtu wa chuma chakavu."

"Fuvu lake liko wapi?"

"Lile lilikuwa dogo. Halikunifaa."

"Nimeuliza liko wapi."

Mteja alikuwa ameshawasha gari. Muuzaji, akiona biashara imekufa, akanyoosha kidevu kuelekea nyuma ya kibanda. Kulikuwa na shimo alilojaza makapi ya mkonge aliyoyasomba kutoka kiwandani, ya kijani yaliyooza kuwa meusi, juu yake povu na mainzi, ndani yake vichwa vingine vikisubiri kuzeeka.

"Chukua mwenyewe, daktari," akasema. "Si una diploma?"

Nilikunja shati hadi begani nikaingiza mkono. Ilikuwa vuguvugu. Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote, ule uvuguvugu, kama tumbo la kitu kilicho hai. Nilishika taya la mbuzi, nikaliacha. Nikashika kitu laini ambacho sitaki kukitaja. Mwishowe vidole vikapita kwenye mirija ya gego la nyuma la ngiri, na nikamjua bila kumwona. Nilimvuta. Pembe zake nikazing'oa kwenye jasi kwa nyundo ya muuzaji mwenyewe, naye akatazama tu. Hakuna aliyetaka kusimama karibu nami, hata kondakta wa basi la Korogwe aliniweka juu na mizigo.

Nilimwosha ngiri yule kwa maji, kwa sabuni, kwa majivu. Pembe zikarudi kwenye matundu yake bila gundi. Kisha nikamweka mezani kati ya nguruwe wa shangazi na fuvu langu la Mkumbara, na siku hiyo nikapata jibu. Gego la nguruwe wa kufugwa lilikuwa fupi, lenye vinundu. La ngiri lilikuwa na mirija ileile kama la kwangu, ila la kwangu lilikuwa pana na refu kuliko la ngiri yeyote, na mpangilio wa mirija yake ya pembeni ulikuwa wa namna yake. Ndugu wa ngiri, mkubwa, ambaye hayupo tena. Nililipeleka ofisini. Yule bwana safari hii alikuwa anakula chungwa. Nilimsubiri anawe mikono kwanza, nikasimama mpaka akanawa, ndipo nikalitua mezani na kumwambia ni nani.

Kisha nikarudisha vya watu, vyote, siku moja. Nilianza buchani. Niliweka mafuvu mawili meupe juu ya mizani. "Huyu ana kishimo mbele ya jicho, mahali pa tezi: kondoo. Huyu hana: mbuzi." Mwenye bucha akapitisha kidole, akatazama, akapitisha tena. Alikata maini, na mjomba, aliyekuwa kwenye foleni, alitazama dari. Maini nilimpa yeye. Nikapanda Lutindi kwa shangazi, naye akatundika dume lake bandani. Jua likiwa bado juu nilikuwa Handeni.

Mzee alikuwa barazani. Alimpokea ngiri kwa mikono miwili, akatafuta mkato kwa kidole gumba, akaupata. Akamnusa, akakunja uso.

"Ndiye," akasema. "Lakini ulimpeleka wapi? Ananuka mkonge."

Kisha akaninusa na mimi, akaita wajukuu waje na maji.