Wa Mbele na Wa Mgongoni

Wanangu mapacha sikuwatofautisha kwa sura. Nasema hivyo nikijua mama mwingine atasema haiwezekani, na labda kwa wake haiwezekani. Mimi niliwatofautisha kwa mahali pa kubebwa. Mmoja alitaka mgongoni, mwingine alitaka mbele, kifuani pangu, na hivyo ndivyo nilivyotembea nao Mpemba nzima, mji wetu wa njia ya mpakani kwenda Zambia, mzigo nyuma na mzigo mbele. Ukiwabadilisha walilia mpaka wakakauka sauti. Wazambia waliokuja kununua maharage waliniita banampundu, yaani mama wa mapacha kwa lugha ya kwao, wakanicheka kwamba natembea kama punda wa pande mbili. Basi nyumbani nikawaita hivyo hivyo, Wa Mbele na Wa Mgongoni.

Mama mkwe wangu, mama yake mume wangu, ndiye aliyekuwa akiishi nasi. Mume alikuwa safarini na malori, akitoka leo hujui atarudi lini. Mama mkwe alikuwa na sheria moja juu ya mapacha, na haikuwa yake peke yake, huku kwetu wengi wanaishika: kinachofanyiwa mmoja na mwenzake afanyiwe. Ukimwogesha huyu, mwogeshe na yule, hata kama alishaoga. Nguo moja, uji mmoja, saa moja. Ukimbagua mmoja, yule uliyembagua ataona hatakiwi, atajiondokea.

"Hasemi," aliniambia, "lakini anahesabu."

Mimi natoka Itaka, na kwetu pia niliyasikia hayo. Sikubisha. Tena nikiwaangalia walivyolala wakitazamana, wakivuta pumzi pamoja na kuitoa pamoja, nilikuwa naamini zaidi ya yeye.

Walikuwa wanaanza kusimama kwa kushika ukuta, Wa Mbele alipougua. Ilianza mafua, halafu kikohozi, halafu homa, halafu nikaanza kuhisi pumzi zake kifuani kwangu zinakwenda mbio, na chini ya mbavu ngozi inabonyea ndani kila akivuta. Kituo cha afya wakasema nimonia. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu foleni, alimpima uzito akanipa chupa ya dawa ya unga. Akanieleza: chemsha maji, yapoe kabisa, tia mpaka kwenye alama, tikisa kila unapompa, mpe kipimo hiki asubuhi, mchana na jioni, na usiache hata akichangamka, mpaka siku alizoandika ziishe.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Na nilielewa. Hakuniuliza kama yule wa mgongoni ni pacha wake, nami sikusema. Sijui kama ni kosa la mtu. Foleni ilikuwa ndefu na mtoto wa mgongoni alikuwa amelala kimya ndani ya kanga.

Nyumbani mama mkwe aliitazama ile dawa ya rangi ya waridi, yenye harufu kama ya matunda.

"Na mwenzake?"

"Mwenzake haumwi, mama."

"Sikukuuliza kama anaumwa."

Kwa haki yake lazima niandike kwamba hakunilazimisha. Alikaa tu pale jikoni, mikono mapajani, akawa ananiangalia. Nikamimina kijiko, nikampa Wa Mbele nusu, nusu iliyobaki nikampa Wa Mgongoni. Wote wawili wakalamba midomo. Mama mkwe akasema, "Sasa wamekula pamoja," na kweli nyumba ilionekana imetulia.

Tukaendelea hivyo. Wa Mbele hakuzidiwa, wala hakupona. Homa ilishuka kidogo ikapanda. Halafu asubuhi moja namfungua Wa Mgongoni nikamkuta ana upele mwekundu kuanzia shingoni hadi tumboni, na midomo imevimba, imejaa kama ya mtu aliyeng'atwa na nyuki.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema polepole, "Ugonjwa umevuka."

Nilimbeba mmoja mbele na mmoja nyuma, na njia nzima, malori yamejipanga mstari mpaka halionekani la kwanza, nilikuwa nasikia pumzi mbili, moja ya mbio kifuani na moja nzito mgongoni, na sikuweza kujua inayokwenda mbio ni yao au yangu.

Nesi alipotuona aliinua chupa akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii imeshuka sawasawa, lakini mtoto hajapata dawa. Nani anakunywa?"

Nikamwambia. Nikadhani atanitukana. Akasema, "Mama, dawa inapimwa kwa uzito wa mtoto. Nusu yake inawachokoza wadudu bila kuwaua, wanabaki wale wagumu. Na huyu mzima haikuwa na kazi naye. Mwili wake umeikataa."

Akamchoma Wa Mgongoni sindano ya kushusha uvimbe, akatuambia tukae pale pale aendelee kumwangalia. Kisha akageuka kwa Wa Mbele na sindano nyingine, ya kutibu kifua. Mama mkwe akasimama.

"Mwanangu, na huyu umchome hiyo."

"Bibi, huyu akipata hiyo dawa tena anaweza kubanwa koo akafa hapa hapa."

"Basi sindano tupu. Ya kumgusa tu."

"Bibi, mimi sichomi mtoto kwa heshima."

Wanawake kwenye benchi wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Nilimwonea huruma, maana alikuwa mzee wa kuamkiwa na kila mtu, na pale alionekana kama mtu anayeomba ugali.

Tulilala kituoni mimi na mama mkwe, kila mmoja na mtoto wake. Tulipotoka tulipewa chupa mpya, ya Wa Mbele peke yake, kipimo kizima. Kwenye kadi ya Wa Mgongoni nesi aliandika kwa wino mwekundu kwamba asipewe dawa yoyote ya jamii ya penisilini, akanifanya niyarudie maneno hayo mara kadhaa kama mtoto wa shule.

Njiani mama mkwe ndiye aliyepata njia. Alikuwa anatembea mbele yangu, akasimama ghafla.

"Yale maji unayochemsha kwa ajili ya dawa, yanabaki?"

"Yanabaki."

"Basi yeye apewe hayo. Maji ya sufuria moja, saa moja. Kijiko chake mwenyewe."

Nilitaka kumkumbatia lakini mkwe hakumbatiwi njiani. Tukafanya hivyo. Kijiko cha bati cha dawa, kijiko cha plastiki cha maji, chupa kando ya mtungi mahali pa baridi, na vijiko havikuoshwa beseni moja. Upele wa Wa Mgongoni ukafifia. Kifua cha Wa Mbele kikaanza kulegea.

Ikaja ile asubuhi ya ukungu. Wakati wa baridi ukungu wa kwetu unashuka mpaka mlangoni, na madereva wanawasha taa mchana, huoni lori, unaona macho mawili ya njano yanakuja. Niliwaogesha watoto wote ndani, karibu na moto. Nikamfunga Wa Mgongoni mgongoni. Akalia. Nikamweka Wa Mbele kifuani. Naye akalia. Walilia namna ile ya kukauka, wakijinyonga kutoka kwenye kanga. Mama mkwe akasema, "Wabadilishe," nami nikawabadilisha, na mara moja wakanyamaza, kimya kama maji.

Hapo ndipo nilipohisi. Pumzi ya kukwaruza, ile iliyokuwa kifuani kwangu wiki nzima, sasa ilikuwa mgongoni. Kwa mahali alipotulia alikuwa Wa Mgongoni, kwa pumzi alikuwa Wa Mbele.

Kijiko cha dawa kilikuwa mkononi mwangu, kimejaa.

"Mama," nikasema, "huyu ni nani?"

Alimtazama wa mgongoni, akamtazama wa mbele. Nao wakamtazama, wote wawili, bila kupepesa macho.

"Mimi sijawahi kuwajua," akasema. "Nilikuwa nakuangalia wewe."

Inawezekana niliwachanganya wakati wa kuoga. Chumba kilikuwa na moshi, na mikono yangu ilikuwa inamshika mmoja huku ikimwacha mwingine. Inawezekana pia mafua yalimpata yule mwingine, na pumzi mbovu ni za yeyote. Nikifikiria hivyo najiona nina akili. Lakini nilikuwepo, na niliona walivyonyamaza.

Nilijua jambo moja tu: kijiko kile kikiingia kinywa kisicho chake, naweza kumuua mtoto mzima, na nikikimwaga, mgonjwa anakosa dawa yake. Mama mkwe alisogea akanusa vinywa vyao.

"Huyu wa mgongoni ananukia dawa."

Nami nikanusa. Nikaona kweli ananukia. Nikamnusa wa mbele, nikaona naye ananukia. Nyumba nzima ilikuwa inanukia ile harufu ya matunda, hata kanga yangu.

Nikamimina dawa ile nyuma ya nyumba. Tukaingia kwenye ukungu.

Nesi aliwalaza mezani uchi, pamoja. Akaweka kipimo chake cha kusikilizia kifuani kwa mmoja, akahamia kwa mwingine, akarudi. Akawageuza, akawapapasa nyuma ya magoti. Yule niliyembeba mbele alikuwa na ngozi inayobanduka pale, magamba madogo ya upele uliopita. Niliyembeba mgongoni alikuwa laini, na kifua chake kilikuwa bado kina mikwaruzo.

"Aliyekataa dawa ni huyu uliyembeba mbele. Mgonjwa ni yule wa nyuma. Umewachanganya tu, mama. Kwa ukungu huu hata mimi nimekosea mlango."

"Wamebadilishana," mama mkwe akasema.

"Haya, bibi. Wamebadilishana. Sasa waweke alama."

Nilimtazama mama mkwe, maana alama ndiyo kubagua kwenyewe. Yeye akachomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akaukata kwa meno vipande viwili sawa. Mgonjwa akamfunga mkono wa kulia. Yule asiyetakiwa dawa akamfunga wa kushoto.

"Uzi mmoja," akasema. "Hakuna aliyenyimwa."

Dawa ikaisha kama ilivyoandikwa, na kifua kikapona. Sehemu zao za kubebwa hazikurudi tena kama zamani. Aliyekuwa mgongoni akabaki wa mbele mpaka alipoacha kubebwa.

Mama mkwe alishafariki. Uzi ulipokatika tulifunga mwingine, ukawa ushanga, ukawa bangili. Kadi ile ililiwa na mchwa watoto wakiwa bado wadogo, kwa hiyo ni bangili iliyobaki kusema, na mdomo wangu.

Mwaka waliomaliza sekondari, siku moja walikuwa wamekaa kwenye mkeka, wananimenyea viazi, wananitazama namna yao ile. Mmoja akaanza kucheka.

"Mama, huoni kitu?"

Bangili zilikuwa zimebadilishwa mikono.

"Tangu jana asubuhi," mwingine akasema. "Tulikuwa tunakupima tu, mama, usikasirike."

Nikawaambia wavue, nizivishe mwenyewe. Wakavua, wakanipa, wakanyoosha mikono, minne, mbele yangu. Nikashika bangili ya kwanza. Sikujua nimvishe nani mkono upi.

"Nani kati yenu haruhusiwi ile dawa?" nikauliza.

Wakatazamana. Hawakuwa wanacheka tena.

"Mimi," wakasema, wote, kwa pamoja.

Sijui kama ulikuwa utani. Niliwavisha wote wawili mkono wa kushoto. Tangu siku hiyo wakienda hospitali yoyote, kila mmoja husema hiyo dawa mwili wake unaikataa. Najua mmoja wao ananyimwa dawa nzuri bure, na nesi yule angenigombeza. Nimewaambia waende hospitali kubwa, wapimwe na wanaojua. Wanasema watakwenda. Wanataka waende pamoja.