Mabuli meupe ya Glenys

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili, Glenys Colclough anainamia meza ya Trevor kwenye soko la vitu vikuukuu mjini Stoke. Mvua inanyunya. Ameshika buli jeupe la kahawa, refu, lisilo na ua wala mstari, na anapitisha kidole gumba chini ya mkono wa buli.

"Hilo tena, bibie?" Trevor anamtania. "Nina mazuri ya waridi hapa, wewe kila wiki unabeba haya ya kihospitali!"

"Waridi baki nazo. Nifungie hili."

Glenys, mwenye umri wa miaka 66, ni mfagiaji wa kituo cha mabasi. Mabuli yaliyojaa kabatini kwake yote ni ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya vyombo vya udongo vya hapa vilipokatazwa kuuza vyombo vya nakshi nchini. Vya maua vilipelekwa ng'ambo. Mama yake, Ivy, aliingia kiwandani akiwa msichana mdogo. Kazi yake ilikuwa kubandika mikono ya mabuli, udongo ungali mbichi.

Leo Ivy yuko kwenye nyumba ya wazee. Mwaka juzi aliacha kuzungumza.

"Hata jina langu lilimpotea," anasema Glenys. "Tukawa tunakaa tu, kama abiria wawili wasiojuana pale kituoni kwangu."

Siku moja Glenys alimpelekea maua ndani ya buli kuukuu alilolinunua kwa pauni nne. Ivy aliyatupa maua kitandani, akaligeuza buli, akapapasa mkono wa buli.

"Huyu Nellie," akasema. "Anabonyeza mno kidole gumba. Kila siku namwambia."

Nellie alikuwa shoga yake, wakikaa benchi moja kiwandani. Alifariki zamani. Ivy akauliza mbona leo kachelewa.

"Nikamwambia yuko njiani," anasema Glenys, akifuta macho kwa mkono wa koti. "Ningesema nini?"

Tangu hapo kila Jumapili humpelekea buli. Mara nyingine Ivy hulipakata tu, kimya. Mara nyingine hucheka akiona mkono uliokaa upande. Mwezi uliopita aliinua macho, akamtazama bintiye.

"Glen, umekula?"

"Nilikuwa nimeshiba chapati za shayiri na jibini," Glenys anasimulia. "Nikasema sijala, ili anigombeze. Akanigombeza, jamani! Nilitamani asinyamaze."

Wiki ijayo Ivy anatimiza miaka 97. Glenys ameomba ruhusa kazini. Atayabeba mabuli yote na kuwamiminia wazee wa pale kahawa. Mumewe, Ray, hajaafiki.

"Yatavunjika, mke wangu. Wale wazee mikono inawatetemeka."

"Yavunjike," anajibu Glenys. "Mama alibandika mikono ya mabuli vita vizima, na nyumbani kwao hawakuwa na hata moja. Safari hii atamiminiwa yeye."