Fundi Mwisho na Feni ya Darini

Mtaa mzima ulimwita Fundi Mwisho, na hakuna mgeni aliyehitaji kuelezwa sababu. Alitengeneza majeneza. Karakana yake ilikuwa uani, na ukuta mmoja tu uliitenga na chumba ambamo mkewe alishona magauni ya harusi. Wateja wa mke waliingia kwa mlango wa mbele wakicheka. Wateja wa mume waliingia kwa geti la nyuma wakipenga kamasi. Mara mojamoja mtu alikosea mlango, na mke, ambaye ulimi wake haukujua msiba wala sherehe, alimwuliza: "Umekuja kuvaa au kuvalisha?"

Fundi Mwisho alijivunia jambo moja. Kazi yake haikuwa na upenyo. Mafundi wengine waliacha nyufa kwa kujua kwamba mwenye jeneza hatarudi kulalamika. Yeye alipiga randa, akaunga, akaziba viungo kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha akamimina maji ndani na kusubiri. Likivuja hata tone moja, alilifumua lote.

"Shemeji, unadhani wanakwenda kuogelea?" aliuliza siku moja ndugu wa mkewe, fundi umeme aliyeitwa Shoti kwa sababu kila nyumba aliyoigusa ilipata shoti angalau mara moja.

"Heshima ya kazi," alijibu Fundi Mwisho. "Wewe huwezi kuielewa."

Taabu ni kwamba nyumba yake nayo aliijenga kwa heshima ileile. Popo walipoanza kuingia darini kupitia upenu, hakuwafukuza kwa moshi wala makelele kama majirani. Alingoja watoke jioni, akapanda ngazi, akaziba kila nafasi kati ya ukuta na mabati: ubao juu ya ubao, gundi juu ya gundi, rangi juu ya yote. Popo waliporudi walikuta wamefukuzwa bila notisi. Joto nalo likabaki ndani kama mahabusu aliyenyimwa dhamana.

Jua lilipoyapiga mabati, joto lilijazana darini, likakosa pa kutokea, likashuka polepole kupitia bodi za dari hadi utosini kwa mkewe. Na yeye alishona vitambaa vyeupe. Tone moja la jasho kwenye satini nyeupe ni doa, na doa kwenye gauni la harusi ni ugomvi wa koo mbili. Basi alijifunga taulo shingoni na vitambaa kwenye viganja kama bondia, akashona huku akiyalaani mabati, jua na mwanamume aliyemwoa.

Hatimaye alitoa tangazo. "Nahamishia kazi kwa mdogo wangu. Ana baraza, ana upepo, na hana majeneza."

"Utakuwa unarudi?"

"Kulala nitarudi. Mchana wote nitakuwa huko."

Fundi Mwisho alikohoa. "Joto lenyewe ni la muda tu."

"Hata uhai ni wa muda. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Fundi Mwisho alirudi karakanani. Tangu waoane, nyundo yake na cherehani ya mkewe vilikuwa vikijibizana kupitia ule ukuta. Cherehani ikinyamaza, naye aliinua nyundo na kutega sikio. Ikianza tena, aliendelea kupiga misumari. Watoto walikuwa wamekua na kwenda kwao. Cherehani ikihama, angebaki na wateja wake, na wateja wake si watu wa maongezi.

Ndiyo sababu alikubali, kwa mara ya kwanza, wazo lililotoka kinywani mwa Shoti.

Shoti alileta feni ya kuwekwa juu ya paa, yenye kofia kama uyoga. Ilikuwa na kidude cha kupima joto: dari ikichemka inajiwasha, ikipoa inajizima. "Inafyonza hewa ya moto darini na kuitupa nje," alieleza akijipangusa jasho. "Mtalala na blanketi, nyie." Ili apate kupanda, alikata tundu la mraba kwenye dari ya chumba cha kushonea, akalitengenezea mfuniko. Mfuniko ulipinda. Pembe moja iliacha upenyo wa kupitisha mkono.

Fundi Mwisho aliutazama kama mtu anayetazama jipu usoni mwa mkwewe. "Nitaurekebisha."

"Kwanza feni, shemeji. Urembo baadaye."

Feni ikawashwa. Ikanguruma. Mlango wa chumbani ukajibamiza wenyewe, paa! Mlango wa choo ukafuata. Mapazia ya mbele yakatuna kuelekea ndani.

"Umeona nguvu hiyo?" alisema Fundi Mwisho, macho yakimng'aa.

Mkewe alinusa. Harufu ya samaki waliokuwa wakikaangwa jikoni, nje kabisa uani, ilikuwa imekuja na kukaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Nyuma yake ilikuja harufu ya choo. "Joto liko palepale," alisema. "Ila sasa limepata marashi."

"Ipeni muda," alisema Shoti, neno alilolisema juu ya kila kitu alichokiharibu.

Muda waliupa. Kisha akaja mama wa bibi harusi.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja, naye alimleta binti yake kujaribu gauni. Binti alisimama juu ya kigoda, mkono mmoja umeshonwa, mwingine umeshikizwa kwa pini. Shela, jepesi kama pumzi, lilitundikwa kwenye msumari wa juu kabisa ukutani lisiguse sakafu, karibu na mfuniko wa Shoti. Jua lilikuwa limeyaivisha mabati. Darini, kidude cha kupima joto kikaamua kwamba sasa inatosha.

Feni ikanguruma yenyewe. Mlango wa choo ukajibamiza. Shela likatikisika, likainua ncha yake kama mtu anayesikia akiitwa, likaufikia upenyo wa mfuniko, likaanza kuingia. Polepole. Kwanza ncha, kisha pindo lenye lulu, kisha mkono mzima wa kitambaa.

"Fundi," alisema mama wa bibi harusi, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ikawa ndogo. "Nani anavuta shela la mwanangu?"

"Hakuna mtu huko juu," alijibu mke wa Fundi Mwisho.

Mama yule akageuza macho dirishani. Uani, majeneza yalikuwa yameegeshwa ukutani yakikausha vanishi, vifuniko wazi, yote matupu.

"Wametoka!" alipiga yowe. "Wametoka, wamepanda darini, na sasa wanataka harusi!"

Akamnyakua binti yake juu ya kigoda. Mtaa mzima ukamwona bibi harusi akikimbia na gauni la mkono mmoja, akilia "Mama, pini! Mama, pini!", huku mama yake akiwatangazia wauza mboga na vinyozi kwamba maiti za Fundi Mwisho zimeanza kuposa.

Mke wa Fundi Mwisho hakupiga kelele, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alizima feni. Alivuta shela, likashuka jeusi kwa vumbi na mavi makavu ya popo. Alililoweka kwenye beseni, akanawa mikono, akatoka barabarani na kuita mwenye mkokoteni.

Fundi Mwisho alipoingia na randa mkononi, Shoti nyuma yake, meza ya chuma ya cherehani ilikuwa imeshapakiwa, na mkewe alikuwa akikizungushia kichwa cha cherehani shuka kuukuu.

"Unakwenda wapi?"

"Nilikokwambia."

"Lakini feni inafanya kazi!"

"Inafanya. Ndiyo taabu yenyewe." Mkewe akasimama. Alikuwa na hasira, lakini alikuwa pia fundi, na jambo lisiloeleweka lilimwasha kuliko upupu. "Hebu iwashe."

Akakata kipande cha uzi mweupe. Akakishika mbele ya tundu la ufunguo la mlango wa mbele: uzi ukaruka kuelekea ndani. Akakishika chini ya mlango wa choo: ndani vilevile. Akapanda kigoda, akakisogeza kwenye upenyo wa mfuniko, na uzi ukasimama wima kama askari kwenye paredi.

"Feni inatupa hewa nje," alisema. "Sawa. Hewa hiyo inaitoa wapi?"

"Darini," alisema Shoti.

"Na darini inaingilia wapi?"

"Kwa kawaida, dada, inaingilia kwenye upe..." Shoti akageuka. Akamtazama shemeji yake.

"Twende mkanionyeshe huo upenu."

Wakatoka wote watatu, wakainua vichwa. Juu yao mbao zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, zimesuguliwa, zimezibwa, zimepakwa rangi. Hata sisimizi angehitaji kibali.

"Bwana wee," alisema mkewe, "umetufungia kwenye jeneza. Feni inatafuta hewa, nawe umeziba njia zote isipokuwa tundu la Shoti. Kwa hiyo inatunyonya sisi, na samaki wetu, na choo chetu. Hewa ya moto ya darini wala haijaguswa."

 Kwa Fundi Mwisho, ile ndiyo ilikuwa kazi yake safi kuliko zote, na tofauti na nyingine, hii haikufukiwa. Aliweza kuitazama kila asubuhi akinywa chai.

"Mama," aliita mwenye mkokoteni, "tunakwenda au tunaaga kwanza?"

Fundi Mwisho aliutazama upenu. Akaitazama meza ya chuma juu ya mkokoteni, pedali yake ikining'inia. Akaingia karakanani. Alitoka na keekee ya kutobolea mbao, kipande cha wavu wa chuma na ngazi.

"Subiri kidogo," alimwambia mkewe, bila kumtazama.

Tundu la kwanza lilimwuma kama jino. Unga wa mbao ulimwangukia machoni, naye akashukuru, maana ulimpa sababu ya kuyapangusa.

"Shemeji," alisema Shoti aliyeishika ngazi, "mara ya kwanza katika kazi yako unatoboa ili aliye ndani apumue."

"Shika ngazi, au nitatoboa kichwa chako. Nacho kina nafasi ya kutosha."

Alizunguka nyumba yote, akitoboa na kugongelea wavu juu ya kila tundu ili popo wasione kwamba wamesamehewa. Kisha akaingia ndani, akaung'oa mfuniko wa Shoti kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa, akachonga mwingine. Mkewe, bila kuombwa, alikata ukanda wa blanketi nene, akaushona kuzunguka kingo zake. Mfuniko ulikaa kwa mlio mdogo, kama mlango wa kabati jipya.

Feni ikawashwa. Uzi ulioshikwa kwenye mfuniko ulining'inia. Kwenye tundu la ufunguo ulining'inia. Shoti akapanda ngazi nje, akaushika kwenye tundu mojawapo la upenu.

"Unavutwa!" alipaza sauti. "Dada, sasa inavuta hewa ya nje!"

Wakasubiri. Mkewe alikuwa akipanda kigoda kila mara na kuigusa bodi ya dari, ambayo saa kama zile huunguza kiganja. Ilianza kuwa ya moto wa kuvumilika, kisha ya uvuguvugu tu.

"Si baridi," alisema.

"Sikuahidi baridi."

"Hukuahidi kitu. Ulisema ni la muda." Akaivua taulo shingoni, akaitupa juu ya kiti.

Nje, mwenye mkokoteni alikuwa amelala chini ya meza ya cherehani, mdomo wazi. Mkewe akamtikisa. "Irudishe ndani."

"Sasa mama, nimebeba bure?"

"Kwani usingizi umeununua?"

Bibi harusi alirudi peke yake kuulizia gauni, akidai harusi haiahirishwi kwa ajili ya marehemu. Shela lilikuwa limetakata. Mke wa Fundi Mwisho akakaa kwenye cherehani, dirisha wazi, akaanza kuunga mkono wa pili.

Uani, Fundi Mwisho alisikia. Akainua nyundo, akatega sikio, kisha akapigilia msumari wake.

Baadaye cherehani ikanyamaza. "We Mwisho!"

"Naam?"

"Tundu moja hapa juu ya dirisha langu limepinda."

Alikuwa ameliona tangu alipolitoboa. Angeweza kulinyoosha palepale. "Limepinda kweli?" aliuliza. "Ngoja nije."

Akachukua ngazi, akaiegemeza kando ya dirisha, na cherehani ikaanza tena kuimba chini yake. Alipanda taratibu sana, na kazi ile ndogo ikamchukua mpaka gauni likaisha.