Anti Kwaheri hutoroka kwake alfajiri

Saa kumi na moja alfajiri, mwanamke mmoja anatoka chumbani kwake kama mwizi. Viatu kavibana kwapani. Mkoba kauvaa shingoni ili usigonge ukuta. Mlango anaufungua kwa kuunyanyua kidogo, maana ukiufungua kawaida bawaba zinalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mwezi uliopita alizipaka mafuta ya kupikia, mpaka mama yake akauliza kama siku hizi na milango inakaangwa.

Hajaiba kitu. Anamtoroka binti yake wa miaka minne kasoro, ambaye nyumbani wanamwita Kupe kwa jinsi anavyoganda. Kupe hulala ameshika pindo la gauni la mama yake. Ili atoke, mama anamwachanisha kidole kimoja kimoja, kisha anamwekea mkononi pindo la gauni jingine. Hilo la pili halivaliwi tena. Limeajiriwa zamu ya asubuhi.

"Wanaotegua mabomu hawanifikii," anasema akiwa nje, akivaa viatu kwenye ngazi. Anacheka, lakini macho yako dirishani.

Kutoka hapo mpaka shule ya awali anakofanya kazi ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwa mwendo wake. Kwa mwendo wa mtu mwingine ni zaidi. Yeye hutembea kama anayekimbizwa na mvua hata jua likiwa linachoma.

Kwenye karatasi za shule anaitwa mlezi msaidizi. Maana yake ni kwamba ufunguo wa lango anao yeye, ndoo za kunawia anazijaza yeye, maji ya kunywa anayachemsha yeye. Kabla mtoto wa kwanza hajafika lazima awe ameupitishia reki mchanga wa kuchezea. Humo ameshaokota vigae vya chupa, mifupa iliyoletwa na mbwa na, siku moja, seti nzima ya meno ya bandia ambayo mpaka leo haijapata mwenyewe.

Shule ilimpa kiti. Hakuna aliyewahi kumwona amekikalia, kwa hiyo mpishi amekigeuza kuwa mahali pa kuwekea vitunguu.

"Nikikaa nasinzia, nikisinzia mtoto ameshaweka kizibo puani," anasema, huku akifuta umande kwenye mteremko wa kutelezea. Na mshahara? "Una afya nzuri wiki tatu. Wiki ya nne huwa unaugua."

Mwaka wa shule ameugawa kwa namna yake. Muhula wa kwanza ni wa machozi. Wa pili, baridi ikiingia, ni wa makamasi. Wa tatu ni wa meno kung'oka na maswali yasiyo na majibu. Mwalimu wa darasa akifundisha kuhesabu, Anti huzitoa namba nje: vizibo vitano ndoo ya bluu, vitatu ndoo nyekundu, anayekosea anaruka kama chura, na anayepatia naye anaruka kama chura maana wote wanataka. Huku wakiruka, yeye anasikiliza vifua. Kikohozi cha kila mtoto anakijua kama wengine wanavyojua milio ya simu.

Ila jina lake amelipata langoni. Wazazi walimpachika kwa kumtania, watoto wakalichukua, na sasa hata mwalimu mkuu akisahau anamwita hivyo: Anti Kwaheri.

Sheria yake ni moja. Hapa mtoto hatorokwi. Mzazi anachuchumaa, macho kwa macho, anasema anakwenda wapi na atarudi lini kwa saa za mtoto, yaani baada ya kula au baada ya kulala. Kisha anaondoka na hageuki.

Wazazi nao wana mbinu zao. Kuna wa "hebu mwone ndege kule", mtoto akiinua kichwa, baba hayupo. Mama mmoja aliwahi kutoka kwa kutambaa chini ya dirisha akiwa na sketi ya kazini. Alipojinyoosha upande wa pili alimkuta Anti kasimama na mtoto mkononi. "Mama huyu hapa," Anti alimwambia mtoto, "alikuwa anatafuta hereni."

Asubuhi hii anayetoroka ni fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye shati lililotobolewa na cheche. Mtoto wake aliletwa muhula huu wa pili ulipoanza. Tangu hapo anakaa karibu na lango, begi mgongoni, uso wa mtu anayesubiri wafanyakazi waliochelewa. Wenzake wanamwita Bosi. Fundi ameshaugusa usukani wa baiskeli.

"Baba Bosi, umesahau kitu."

Fundi anajipapasa mifuko. "Simu ninayo."

"Umesahau kuaga."

"Anti, leo niache. Kuna geti la mtu linaningoja."

"Na hapa kuna mtoto wa mtu."

"Nikimuaga atalia."

"Atalia, ndiyo. Na atanililia mimi, siyo wewe. Mtoto aliyeagwa analia, anamaliza. Aliyetorokwa halii, analinda. Mwangalie wako."

Wanamwangalia. Bosi anawaangalia wao.

"Lile begi hajalivua tangu amekuja," anasema Anti. "Anakula nalo. Bembea anapanda nalo. Jana kalala chali juu yake kama kobe aliyepinduliwa. Kashajua watu wa kwao wanaondoka bila taarifa, sasa na yeye yuko tayari muda wote."

Fundi anakuna shingo. Kisha anauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua kazi inafanywaje: "Na wewe wako, Anti, huwa unamuaga vipi?"

Mpishi, aliyekuwa anapita na sufuria, anapunguza mwendo.

"Wangu anaamka na bibi yake," anasema Anti Kwaheri.

Hilo siyo jibu, na wote watatu wanajua. Fundi ana adabu zake, hamkazii. Anarudi, anachuchumaa mbele ya mwanawe. "Baba anakwenda kuchomelea geti. Ukila, ukalala, ukaamka, utaniona." Bosi anapasua kilio cha kuangusha bati. Kabla wenzake hawajamaliza kunawa mikono, kimekwisha. Begi limebaki mgongoni.

Siku nzima Anti hatulii, na kwa mtu ambaye hata kawaida hatulii, hilo linaonekana. Anakata kucha za watoto waliokatwa jana. Anapiga deki korido iliyokauka sasa hivi. Watoto wanapolala mchana, anasimama dirishani na kumpigia mama yake simu, sauti ya bibi ikitoka kubwa kuliko simu yenyewe.

"Amekula?"

"Vijiko viwili. Cha tatu kanirudishia."

"Anacheza?"

"Anacheza na mlango. Kachukua kigoda changu kakiweka kizingitini, kakaa. Namwambia njoo tuchambue maharage, ananiambia yuko kazini."

"Kazi gani?"

"Anakulinda wewe. Anasema jana ulipita amefumba macho, kwa hiyo hafumbi tena. Na usiku hatalala, nakwambia mapema usije ukasema bibi kampa majani ya chai."

Anti anakata simu na kuiangalia. Nyuma yake, katikati ya mikeka, Bosi amelala kiubavu, kamba za begi zimembana mabega.

"Kile kigoda ndicho hili begi," anasema polepole. "Ningemwona mtoto wa mwenzangu anakaa hivyo mlangoni, ningemwita mzazi siku hiyohiyo."

Anachukua tena fagio la deki, analiweka. "Nilikuwa najiambia namwonea huruma, alale. Kumbe najionea huruma mwenyewe. Kilio cha mtoto wa mtu nakiweza, kazi yangu hiyo. Cha wa kwangu kinanikata miguu."

Asubuhi iliyofuata hakuvibana viatu kwapani. Alivivaa ndani. Kisha akafanya jambo ambalo mzazi yeyote mwenye akili timamu angemkataza: alimwamsha mtoto aliyelala fofofo.

Alichuchumaa. "Kupe, mama anakwenda kazini. Utakula na bibi, utalala, utaamka, na jua likiwa bado lipo, nitakuja."

Kupe alimtazama, akaelewa, akalia. Alilia hadi mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta, na mpangaji wa chumba cha tatu akamgongea wa pili kwa kugonga. Bibi aliinuka kitandani na kujifunga khanga.

"Ehe. Mtaalamu umefika," alisema. "Huko watu wanakulipa, huku kwetu unakuja kufanyia mazoezi."

"Mama, nisaidie kumshika."

"Nimshike wapi, si kashakuganda? Endelea, mwalimu. Mimi mwanafunzi tu."

Anti alimwachanisha vidole kimoja kimoja kama kila siku, ila safari hii mwenye vidole alikuwa anatazama, na hakukuwa na gauni la pili la kumshikisha. Akatoka. Hakugeuka. Alipofika kona ya barabara bado alikuwa anakisikia kile kilio, na kona ya pili, na ya tatu, ingawa bibi anaapa kwamba wakati huo mtoto alishanyamaza na alikuwa anaomba chai.

Alifika kazini amechelewa kwa mara ya kwanza. Nje ya lango lililofungwa walikuwa wamesimama wazazi na watoto wao, na mbele kabisa fundi na baiskeli yake.

"Anti, leo vipi?"

"Nilikuwa naaga," alisema, akihangaika na kufuli.

Fundi hakucheka. Alimwondolea mkoba shingoni akaushika mpaka kufuli lilipofunguka.

Ingekuwa hadithi ya kubuni, mambo yangekwisha hapo. Siku ya pili Kupe aliamka kabla ya mama yake na kuficha kiatu kimoja. Anti alikwenda kazini na ndala za bibi, akashinda anafukuzana na watoto kwa sauti ya pa-pa-pa. Siku nyingine mtoto alikohoa kikohozi cha uongo. "Kikohozi," anasema Anti, "akidanganye kwa mtu mwingine." Wiki hiyo yote alitembea njia nzima akijiuliza kama hajaiharibu nyumba yake kwa sheria aliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya watoto wa wengine. Mara mbili alisimama barabarani nusu arudi. Jioni ndiyo ilimpa moyo: kila siku aliingia nyumbani jua likiwa bado lipo, na kila siku Kupe alitoka nje kulihakiki hilo jua.

Halafu alfajiri moja alichuchumaa kama kawaida, akaanza maneno yake, na Kupe akafungua jicho moja.

"Nenda basi, mama. Unanimalizia usingizi."

Akageukia ukutani. Anti alibaki amechuchumaa pale pale, akisubiri angalau kilio kidogo. Hakukuwa na hata kwikwi. "Nilijisikia kama nimefukuzwa kazi," anasema. Bibi alilazimika kumkumbusha kwamba muda unakwenda. Kigoda kilirudi jikoni wiki hiyo.

Begi la Bosi lilitoka mgongoni siku isiyo na sherehe yoyote. Watoto walikuwa wanapita ndani ya tairi zilizopangwa kama handaki. Begi likakwama. Bosi akarudi kinyumenyume, akalivua, akampelekea Anti. "Nishikie," alisema. "Naenda, narudi." Mpishi anasema Anti alikwenda kulia nyuma ya jiko. Anti anasema ni vitunguu, na kwamba kosa ni la aliyeviweka kwenye kiti chake.

Sasa muhula wa tatu unakaribia kufungwa. Meno yanang'oka, maswali yanamiminika, na wakubwa wa darasa wanajiandaa kwenda shule ya msingi. Mwezi wa kwanza watakuja wapya, na siku ya kufungua ndiyo siku ya machozi mengi kuliko zote. Miongoni mwao atakuwepo Kupe.

Kila Jumamosi mama na mtoto wanafanya mazoezi ya njia. Mpaka sasa wamefika kwenye karakana ya fundi, ambapo Kupe hutangaza kwamba miguu yake imefungwa mpaka kesho. Fundi ameahidi kuchomelea kiti kidogo cha pili nyuma ya baiskeli, Bosi na Kupe wapande pamoja.

Lakini Anti hataki Kupe aingie tu nyuma yake kama mkoba. Amemwomba mpishi amshikie lango siku hiyo, muda wa mzazi mmoja tu. Atatoka nje, atapanga foleni na wazazi wengine, ataaga kama wao. Mwalimu mkuu alipoelezwa alishangaa: si wote wawili wanaingia humohumo ndani?

"Yeye atakuwa darasa la wadogo, mimi nitakuwa na watoto wote," anasema Anti. "Akiniona uwanjani, atakuwa anamwona Anti. Mama anakuwa ameshaondoka. Lazima aagwe."

Jioni, kwenye korido ya nyumba yao, mazoezi yanaendelea. Kupe ndiye Anti Kwaheri. Amesimama kizingitini, mikono kiunoni, ufunguo wa lango umening'inia shingoni hadi magotini. Mama amesimama nje na wapangaji wanachungulia.

"Chuchumaa kwanza," anasema Kupe.

Mama anachuchumaa.

"Sema."

"Mama anakwenda kazini. Ukila, ukalala, ukaamka, nitakuja."

"Haya, nenda. Usigeuke."

Mama anainuka, anatembea. Anapita chumba cha pili, anapita cha tatu, anafika kwenye ndoo za maji mwisho wa korido. Hapo anasimama. Shingo inamshinda.

"Umegeuka," anasema Kupe. "Rudi uanze tena."